Risasi 200 za Mirambo

Mwezi Aprili 1876, huko Serombo, kwenye njia ya kaskazini-magharibi mwa Unyamwezi, mtemi Mirambo alichanjiana udugu na msafiri Henry Morton Stanley. Manwa Sera, nahodha wa msafara wa Stanley, aliwachanja wote wawili mguuni, akazibadilisha damu zao, kisha akatamka laana juu ya yeyote atakayevunja udugu huo: simba amrarue, nyoka amtie sumu, na bunduki yake impasukie mikononi. Halafu zikaja zawadi. Mirambo alitoa nguo, akaamuru pia waletwe ng'ombe wa maziwa pamoja na ndama wao. Stanley naye, baada ya nguo, aliongeza rivolva moja na risasi 200.

Miaka mitano kabla ya hapo watu hao wawili walikuwa maadui. Agosti 1871 Stanley aliandamana na Waarabu wa Tabora kwenda kumpiga Mirambo. Waliichukua Zimbizo bila taabu kubwa. Kisha kijana Soud bin Sayd akaongoza kikosi hadi Wilyankuru, akaiteka, akajitwika pembe na mateka, na alipokuwa akirudi akamkuta Mirambo amemvizia njiani, watu wake wamejilaza katika majani marefu. Soud na wengi wa wenzake waliuawa papo hapo. Kabla ya mwezi kwisha Mirambo aliingia Tabora yenyewe na kuchoma nyumba, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa mashujaa wa Waarabu, akafa siku hiyo.

Vitabu vyetu vya historia husimulia vita hivi kwa kuhesabu bunduki: nani alikuwa nazo ngapi, zilitoka wapi, nani alimuuzia nani. Hesabu hiyo ni ya lazima, lakini inaacha jambo ambalo kila rugaruga, mpiganaji wa watemi, alilijua. Bunduki ya siku zile haikuwa na nguvu yake yenyewe. Nguvu yake ilikuwa katika kiasi cha baruti ambacho mwenye bunduki alikimimina kwa mkono wake, na katika alichokitia juu ya baruti ile. Gobore lile lile liliweza kuangusha tembo, kuua kanga, kupiga kelele tu za harusi, au kumng'oa mwenyewe vidole. Rivolva ya Serombo ilikuwa kitu cha namna nyingine kabisa. Kila moja ya risasi zile 200 ilifungwa kiwandani, baruti yake ikapimwa na mtu ambaye Mirambo hakumjua, katika nchi ambayo hakuwahi kuiona. Aliyetaka kujifunza shabaha kwa silaha ile alikuwa anakula akiba ambayo Unyamwezi nzima haikuweza kuirudisha.

Tulitazame gobore kwa karibu. Bunduki za mrao, zilizowashwa kwa utambi, zilikuwa zimekwisha kuwa za zamani. Zilizojaa njiani ni za gumegume, na baadaye za fataki. Nyingi zilikuwa bunduki kuukuu za majeshi ya Ulaya, au zilizotengenezwa kwa ajili ya biashara huko Birmingham na Liège. Mjazaji alisimamisha kitako chini, akamimina baruti mdomoni mwa kasiba kutoka katika pembe au kibuyu. Juu yake akasukuma kitambaa au nyuzi za magome, akashindilia kwa mdeki mpaka fimbo ile irukeruke mkononi, dalili kwamba baruti imekaa sawasawa. Ndipo akatia risasi ya duara, au vipande vya chuma, au changarawe kama hana kingine, na kitambaa cha pili cha kuzuia visimwagike akiinamisha mdomo wa bunduki. Kwa gumegume alibakiza baruti laini kidogo ya kuweka kwenye kisahani cha mtambo. Akibana, jiwe linapiga chuma, cheche zinaruka, kisahani kinafuka, na baada ya mpigo mmoja wa moyo bunduki inalia.

Ule mpigo mmoja wa moyo ndio uliowashinda wengi. Mtu aliyezoea teke la bunduki na moto unaowaka karibu na jicho lake hufumba macho na kugeuza uso kabla risasi haijatoka. Wazungu waliopita Unyamwezi waliandika kwa dharau kwamba wenyeji hawajui kulenga shabaha. Dharau hiyo haina haki. Ukimpa mtu bunduki yenye kasiba legevu isiyo na mikato ndani, baruti chafu inayobadilika nguvu kila pipa, na risasi isiyoenea vizuri, hata bingwa wa shabaha atakosa mti kwa mwendo usio mrefu. Mirambo alilijua hilo, na vita vyake vinaonyesha. Mtego wa Wilyankuru ulipangwa ili bunduki zipigwe karibu kiasi ambacho kukosa ni kugumu. Alimwambia pia Stanley kwamba yeye hupendelea kwenda vitani na vijana, kwa kuwa macho yao ni makali na viungo vyao ni vyepesi. Hayo ni maneno ya amiri anayefikiria ufundi wa askari wake. Hakuwa mtu wa kuhesabu mitutu tu.

Baruti yenyewe ilikuwa mali ya kuonewa uchungu. Ilishuka Unguja kutoka merikebu za Ulaya na za Marekani, wale Wamarekani wa Salem wakiileta pamoja na nguo za merikani, ikavuka hadi Bagamoyo na kupanda bara begani mwa wapagazi kwa takriban miezi mitatu hadi Tabora. Njiani mvua iliitia unyevu, na kambini moto uliwatisha wote. Ile ya biashara ilikuwa ya chembe kubwa na nguvu ndogo, na aliyezoea udhaifu wake alijaza nyingi. Hapo ndipo kasiba zilipopasuka: siku alipopata baruti nzuri akaipima kwa mazoea ya ile mbaya. Laana ya Manwa Sera ilitokana na jambo ambalo watu walikuwa wameliona kwa macho yao.

Pamoja na uchungu huo wote, baruti nyingi ilichomwa kwa kishindo tu. Msafara haukuingia mjini kimya. Stanley alipofika Ujiji Novemba 1871 bunduki karibu 50 zilipigwa hewani kuutangazia mji kwamba kuna wageni, na watu wakamiminika kuwalaki. Ndivyo ilivyokuwa Tabora, ndivyo ilivyokuwa kwa watemi wakipokea wajumbe, katika arusi na katika misiba. Kwa ajili hiyo bunduki ilijazwa bila risasi. Mlio ulikuwa ujumbe: tuko wengi, tuna mali, hatuji kwa siri. Anayesema kwamba baruti ya namna hiyo ilipotea bure hajaelewa siasa za njia kuu. Mtemi aliyesikika ana baruti ya kuchezea hakushambuliwa ovyo.

Ndiyo maana Waarabu wa Tabora walijaribu mara kwa mara kuziba njia za baruti zisifike Urambo, makao ya Mirambo. Ilipotokea Juni 1880 kwamba Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliuawa katika mapigano yaliyowahusisha watu wa Mirambo, balozi wa Uingereza Unguja, John Kirk, aliyekuwa akimwona Mirambo kama mtawala wa kufanya naye kazi, alimgeuka. Mirambo aliendelea kupigana, lakini njia ya pwani haikumfungukia tena kama alivyotaka. Alifariki Desemba 1884, na dola aliyoijenga haikukaa muda mrefu baada yake.

Kufikia miaka hiyo, huko Ulaya na Marekani, tatizo ambalo rivolva ya Serombo ilimwachia Mirambo lilikuwa limepatiwa dawa. Mwaka 1845 Mfaransa Louis-Nicolas Flobert alitengeneza risasi ndogo isiyo na baruti kabisa, inayosukumwa na nguvu ya fataki yake tu; watu waliipiga ndani ya nyumba kubwa baada ya chakula cha jioni bila kuwastua majirani. Marekani nako wapenda shabaha walianza kuokota maganda ya shaba ya rivolva zao na kuyajaza tena wenyewe. Kampuni ya Ideal, iliyoanzishwa 1884, iliuza koleo za kujazia na kalibu za kusubu risasi. Walijaza kidogo makusudi: baruti haba, risasi nyepesi ya duara, mlio mdogo, teke dogo. Sababu zao zilikuwa tatu na zote zina maana. Risasi za dukani zilikuwa ghali. Kelele ziliudhi mji. Na, kubwa kuliko zote, mkono na jicho hujifunza vizuri zaidi pale ambapo mwili hauogopi. Mtu aliyepiga mamia ya risasi za polepole bila kufumba macho hulenga vilevile hata akipewa risasi kamili.

Hatari yake nao waliijua. Baruti ikipungua kupita kiasi, risasi hukwama katikati ya kasiba, na mpigaji asipotambua akafyatua nyingine nyuma yake, silaha humpasukia. Kwa hiyo aliyejaza kidogo alihitaji uangalifu sawa na aliyejaza nyingi, na kila ganda lilipimwa kwa mizani. Ufundi huo ulihitaji vitu vinne: maganda matupu, risasi, baruti inayoaminika, na fataki. Vitatu vya kwanza mtu hodari angeweza kuvihangaikia Unyamwezi. Chuma na ufundi wa moto vilikuwepo. Warongo wa Uzinza, katika nchi hii ya Geita na Biharamulo, waliyeyusha chuma na majembe yao yaliuzwa hadi Tabora. Kule Katanga watu wa Msiri walitia shaba yao katika bunduki badala ya risasi. Lakini fataki, kile kikofia kidogo chenye dawa inayolipuka ikigongwa, ilikuwa kazi ya kiwanda cha kemia. Hapakuwa na mhunzi wa kuifua.

Kisha mlango ukafungwa kwa sheria. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Unguja wa wakati huo, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba uliotangazwa kuwa wa kukomesha biashara ya watumwa, na ndani yake mkawa na marufuku ya silaha katika eneo lote kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa Ikweta, kutoka bahari hadi bahari. Walichoruhusu, kwa masharti, ni bunduki za gumegume zisizo na mikato ndani ya kasiba, na baruti ya kawaida ya biashara. Bunduki za kisasa na risasi zake zikabaki za dola na watu wake. Mkataba huo ulifanya kwa maandishi kile ambacho rivolva ya Serombo ilikidokeza: mwenyeji abaki na silaha anayoijaza mwenyewe kwa baruti dhaifu, mgeni awe na silaha iliyojazwa kiwandani. Utumwa ulikuwa uovu wa kweli na njia za Unyamwezi ziliujua vizuri. Lakini waliotia saini pale ndio hao hao waliokuwa wakija kutwaa nchi, na mwaka haukupita sana kabla tofauti ya silaha haijaonekana.

Msiri alitoka Usumbwa, nchi iliyo upande wa kusini wa Geita, akaenda na njia ya shaba hadi Katanga na kujenga dola yenye makao yake Bunkeya. Mwaka 1891 raia zake Wasanga walikuwa wameasi na baruti ilikuwa imemwishia. Jeshi lililojengwa juu ya magobore lilikuwa linasubiri misafara isiyofika. Tarehe 20 Desemba 1891, katika mabishano na ujumbe wa Stairs uliotumwa kwa niaba ya mfalme Leopold, Kapteni Omer Bodson alichomoa rivolva na kumpiga Msiri, akafa hapo. Mtu wa Msiri alimjibu Bodson kwa bunduki, risasi ikampata tumboni, naye hakuona kesho yake. Silaha mbili za zama mbili zilipigwa uani pamoja na zote ziliua. Tofauti ni kwamba ile ya pili ilikuwa na mlio mmoja tu, na aliyeipiga hakupewa nafasi ya kushindilia tena.

Isike, mtemi wa Unyanyembe, yeye alikuwa na baruti. Ngome yake karibu na Tabora iliwashinda Wajerumani mwaka 1892, na Januari 1893 Tom von Prince, waliyemwita Bwana Sakarani, akaishambulia tena mpaka kuta zikavunjwa. Isike alipoona wameingia, alijifungia katika chumba cha baruti pamoja na baadhi ya jamaa zake na kuiwasha. Akiba iliyopaswa kupimwa pembe kwa pembe kwa miaka ikaondoka kwa mlipuko mmoja. Yapo masimulizi kwamba Wajerumani walimkuta bado anapumua wakamtundika hivyo hivyo. Nimesikia watu wakimtaja Isike kama mtu aliyekata tamaa. Sioni hivyo. Alijua kwamba baruti yake ikibaki itawapigia wengine, akaichoma.

Baada ya hapo Wanyamwezi na Wasukuma wengi waliishika bunduki kwa upande mwingine, kama askari wa Kijerumani, na hapo historia hii inafikia tukio ambalo mimi naliona kuwa la ajabu kuliko yote.

Vita Kuu ilipoanza 1914, vikosi vingi vya askari wa Ujerumani hapa vilikuwa bado na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, inayotumia baruti nyeusi. Ilipiga kwa nguvu, lakini kila mlio uliacha wingu la moshi linalomwonyesha adui mahali pa kulenga. Ushindi wa Tanga mwanzoni mwa Novemba 1914 uliwapa bunduki za kisasa kutoka kwa Waingereza pamoja na shehena kubwa ya risasi. Haikutosha. Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyojifanya meli ya Wadenmarki, ilikimbizwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth hadi ghuba ya Mansa, kaskazini mwa Tanga. Nahodha wake, Carl Christiansen, aliiacha izame kwenye kina kidogo huku moto umewashwa sitahani. Waingereza wakaamini imeteketea. Walipoondoka, wapiga mbizi wakaanza kutoa masanduku chini ya maji, na wapagazi wakayapandisha bara.

Risasi zilikuwa zimekunywa maji ya chumvi. Von Lettow-Vorbeck, jemadari wa jeshi hilo, aliandika baadaye jinsi chumvi ilivyokuwa ikiila baruti na fataki kidogo kidogo, na kila wiki idadi ya risasi zinazogoma ikaongezeka. Hapakuwa na njia ila kuzifungua zote, moja moja. Moshi, mji wa chini uliokua kando ya reli, ukageuka kiwanda. Kwa miezi mingi askari na wenyeji waliopatikana walikaa kutoka asubuhi hadi usiku wakiing'oa risasi kwenye ganda, wakiimwaga baruti na kuisafisha, wakizitoa fataki zilizoharibika na kutia nyingine zilizokuwepo katika koloni, kisha wakizifunga upya. Kazi ile ya mizani na uangalifu ambayo mpenda shabaha wa Marekani aliifanya mezani kwake Jumamosi, hapa ilifanywa na mikono mingi kwa mamia ya maelfu ya risasi, chini ya Kilimanjaro, katikati ya vita.

Kisha wakazipanga kwa daraja. Risasi nzima zilizobaki tangu zamani zilitengwa kwa ajili ya bunduki za mashine, ambazo risasi moja ikigoma bunduki nzima husimama. Zile zilizosafishwa ambazo katika kila 100 ziligoma 20 hivi ziliwekwa kwa mapigano. Zilizogoma zaidi ya hapo zikapewa askari wa kufanyia mazoezi ya shabaha.

Fikiria maana yake. Askari anakwenda uwanjani akijua kwamba risasi moja katika kila nne, pengine zaidi, haitalia, na hajui ni ipi. Analenga, anavuta pumzi, anabana. Inatoa mlio mkavu wa pini tu. Hapo mwalimu aliyesimama kando anaona kila kitu: kama bega lilitangulia kusukuma, kama jicho lilifumba, kama mtutu ulizama. Waalimu wa shabaha duniani kote hadi leo huchanganya risasi bubu na nzima ili kumfichua mwanafunzi anayeogopa teke. Moshi walilazimishwa na uhaba, na naamini uhaba ule uliwafunza askari wao kubana kwa utulivu kuliko wengi waliokuwa na masanduku mapya. Jeshi lile lilibaki porini hadi Novemba 1918. Sifa hiyo kwa kawaida hupewa jemadari. Mimi ningependa sehemu yake iende kwa watu wasio na majina waliokaa Moshi wakichambua fataki.

Shaba ya risasi ilikuwa na safari nyingine pia. Mwaka 1916, bahari ikiwa imezibwa na manowari za Waingereza, Wajerumani walikosa sarafu. Katika karakana ya reli Tabora walipiga sarafu za heller 5 na 20 kwa shaba waliyoweza kuikusanya, maganda ya risasi yakiwamo. Na kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke walipiga sarafu za rupia 15 zenye sura ya tembo, takriban 16,000. Sokoni Tabora mtu aliweza kununua muhogo kwa kipande cha ganda la risasi. Septemba mwaka huo mji ukaangukia mikononi mwa Wabelgiji.

Enzi ya Waingereza sitaikalia sana. Walipanga leseni: bunduki za risasi kwa wachache, gobore kwa mkulima wa kufukuza nguruwe na nyani shambani, na baruti kwa vipimo dukani. Gobore likawa silaha ya mzee wa kijiji. Uhunzi wa kulitengeneza na kulifufua ulibaki, na mpaka leo polisi wanapotangaza muda wa kusalimisha silaha kwa hiari, magobore ndiyo hujaa mezani.

Bunduki za kisasa zilirudi Usukumani kwa wingi baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979. Wezi wa ng'ombe wakawa na silaha za kivita, na dola haikufika kila kijiji. Wanakijiji wa Kahama na Nzega walioanzisha ulinzi wa sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980 walijibu kwa upinde, mishale na filimbi. Mshale hauna mlio wala moshi, na kila mwanamume angeweza kujifunzia bila kutumia senti. Kwa jicho la mtu anayefuatilia habari za kujifunza shabaha, hii ndiyo sura kamili zaidi ya silaha ya mazoezi iliyowahi kushikwa katika nchi hii: ile unayofanyia zoezi ndiyo unayokwenda nayo usiku.

Leo kufunga risasi nyumbani Tanzania si mchezo wa Jumamosi. Mwaka 1974 serikali ilianzisha Shirika la Mzinga huko Morogoro, na risasi zikaanza kutengenezwa nchini kwa mamlaka ya jeshi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, inataka leseni kwa mtengenezaji, na Itifaki ya Nairobi ya 2004 inazifunga nchi za ukanda huu zihakikishe silaha zina alama na rekodi. Naunga mkono ukali huo. Mkoa kama huu wa Geita, wenye dhahabu mkononi na fedha taslimu njiani, hauna nafasi ya viwanda vya uani.

Lakini ustadi wa kupima baruti kwa mkono haukutoka Geita. Ulishuka chini ya ardhi. Mgodi wa kwanza mkubwa wa Geita ulifanya kazi kuanzia 1936 hadi 1966, na mgodi wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Ukiwa Kalangalala, katikati ya mji, baruti ni neno la kazi, si la vita, na wakazi wa baadhi ya mitaa wamelalamika kwa miaka kwamba milipuko imepasua kuta zao. Dawa ambayo wahandisi wa miamba wanayo kwa mtikisiko ni ile ya kugawa: badala ya kuwasha baruti yote kwa pamoja, huipanga katika matundu mengi yanayofuatana kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, ili ardhi ipokee mapigo madogo mengi kuliko pigo moja kubwa.

Kwa mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, Mgusu au Rwamgasa hesabu ni ya karibu zaidi. Anachoronga tundu kwenye mwamba ndani ya duara, yaani shimo la uchimbaji, na kwa Sheria ya Baruti ya 1963 anayejaza na kuwasha anapaswa kuwa mtu mwenye cheti. Baruti inaingia, fataki na utambi, udongo wa kuzibia, ukishindiliwa kwa mti na si kwa chuma kisitoe cheche. Wote wanapanda juu na kungoja, na baada ya mlio wanangoja tena moshi utoke. Mlipuaji hodari hajazi tundu mpaka juu. Mkanda wenye dhahabu mara nyingi ni mwembamba. Baruti ikizidi, mawe matupu ya pembeni yanaporomoka na kuchanganyika na mawe mazuri, viroba vinaongezeka, na karasha inasaga mzigo ambao nusu yake haina kitu. Akijaza kwa kipimo, mkanda unapasuka peke yake na mwamba wa pembeni unabaki umesimama.